Barua kutoka Hamburg: Feni ya Gari Kuukuu

Kazi ya feni ya rejeta ni moja tu: kuvuta hewa ipite kwenye rejeta wakati gari limesimama au linatambaa. Gari likikimbia, upepo hufanya kazi hiyo bure. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, kosa lake litafutwe kwenye feni. Linalochemsha kwenye kilomita 80 kwa saa lina neno jingine: rejeta imeziba, mkanda umelegea, themostati imekwama au gasketi imeungua. Fundi anayeuza feni hapo anauza tu.

Kule Mamba, kwenye bonde la Rukwa, ugonjwa huu haujifichi. Gari lenye magunia ya mpunga, likijikokota kwa gia ya kwanza kwenye tope la masika kuelekea Majimoto, hutangaza hali yake kabla halijafika, na likifika halihitaji kueleza kwa nini linatoa mvuke. Hamburg ni tofauti. Kuanzia Novemba hadi Machi feni inaweza kuwa marehemu na mwenye gari asiwe na habari. Msiba hutangazwa Julai, shule zikifunga, kwenye foleni ya barabara ya A7 kabla ya handaki la chini ya mto Elbe. Hapo Mtanzania mwenye Golf ya mwaka 1995 (ile picha iliyotumwa nyumbani ilikuwa ya gari la jirani) hushusha vioo vyote na kuwasha hita mpaka mwisho, kwa kuwa hita huchota joto la injini na kulimwaga ndani. Wajerumani wa kushoto na kulia humtazama kwa huruma mtu wa Afrika anayesikia baridi kwenye nyuzi 32.

Ukaguzi huanza kwa kujua feni ni ya aina gani. Land Cruiser na Hiace nyingi za zamani zina feni inayozungushwa na injini yenyewe kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Hiyo haina fyuzi wala swichi. Injini ikiwa imezimwa, izungushwe kwa mkono: inatakiwa ikaze kidogo. Ikizunguka ovyo bila ukinzani wowote, klachi imekwisha.

Feni ya umeme ina safari ndefu zaidi. Kwanza mikono iwe mbali, kwani kwenye magari kama Golf inaweza kuwaka yenyewe ufunguo ukiwa mfukoni. Fyuzi ikiwa nzima, plagi ya mota ichomolewe na mota ipewe moto kutoka kwenye betri kwa waya mbili nene. Isipozunguka, igongwe taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, brashi za ndani zimekwisha na italala tena. Ikizunguka, karatasi ya daftari iwekwe mbele ya rejeta: inapaswa kung'ang'ania pale. Ikipeperuka, waya zimegeuzwa na feni inapuliza mbele badala ya kuvuta. Rilei hupimwa kwa kubadilishana na ya honi, kama zinafanana. Honi ikinyamaza, mbaya amepatikana.

Inabaki swichi ya joto, na hapa ndipo ndugu hukosana. Swichi ya Golf hufungwa ubavuni mwa rejeta na hupitisha umeme maji yakifika nyuzi 92 hadi 97 hivi. Kuipima, plagi yake huchomolewa na matundu mawili ya plagi huunganishwa kwa kipande cha waya. Feni lazima iwake. Corolla nyingi za miaka ya 1990 ziko kinyume: swichi hupitisha umeme ikiwa baridi na hukata ikipata joto, na kule kukata ndiko kunakoiruhusu feni kuwaka. Kwa hiyo plagi ikichomolewa tu, swichi ya gari ikiwa imewashwa, feni huzunguka. Mjomba wa Mamba anayetuma sauti kwa WhatsApp, "Chomoa plagi, mwanangu," yuko sahihi kabisa kuhusu Corolla yake. Mpwa anayemjibu kutoka Hamburg, "Unganisha kwa waya, mjomba," naye hakosei kuhusu Golf. Ushauri huvuka Mediterania kwenda na kurudi, na magari yote mawili yanaendelea kuchemsha.

Kabla ya kuilaumu swichi, maji yatazamwe, injini ikishapoa. Swichi iliyobaki kwenye hewa haihisi joto. Kwenye mwinuko wa bonde la Rukwa maji matupu huchemka karibu na nyuzi 97. Chini ya mfuniko wenye presha huweza kukaribia 120, na anayeufungua kwa pupa huyapokea usoni.

Kuunga feni dairekti, bila kupitia swichi ya joto, kama mafundi wengi wanavyopenda, humfikisha abiria Mpanda, mradi pawepo rilei na fyuzi; waya mwembamba huyeyuka. Dairekti pamoja na themostati iliyotupwa huvumilika Mamba. Januari ya Hamburg, injini ya namna hiyo haipati joto, hita hutoa baridi, na dereva huendesha akiwa na glavu.

Anayehitaji ushauri kutoka Hamburg ataje kwanza aina ya gari na mwaka wake, kisha atume picha ya swichi na plagi yake. Maombi ya rejeta mpya yaje kwa barua ya peke yake, baada ya tarehe ya mshahara.