Baiskeli Inayobebwa na Gari

Peebles, Scotland

Shikamoo Baba Mdogo. Shikamooni wakubwa wote mliokaa barazani hapo Ulaya Mbuyuni mkisomewa barua hii. Anayesoma asome taratibu. Barua iliyopita niliandika kwamba nimefunga, yeye akasoma nimefungwa, na Mama Mkubwa akashinda akilia mpaka nilipopiga simu jioni kuomba radhi kwa kosa la msomaji.

Mimi mzima. Kazi ni ileile ya kutunza wazee, mvua ni ileile, na kila nikikutana na Mswahili mwenzangu shida ni ileile. Juzi kwenye harusi kule Edinburgh dada mmoja wa Mombasa aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu, Ulaya. Akanitazama toka juu hadi chini. "Miaka michache tu hapa, kwenu umeshapakana?" Ikabidi nimchoree kwenye kitambaa cha karatasi: hii reli ya kati, hii Kilosa, hii Mikumi, sisi tuko hapa katikati, na jina tulilikuta. Akanisamehe, lakini sidhani kama aliniamini.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniuliza kama wazungu wa huku bado wanapanda baiskeli au wote wameshanunua magari. Wana vyote viwili, Baba Mdogo, na gari ndilo linalobeba baiskeli.

Jumamosi asubuhi magari yanakuja kutoka mjini yamefuatana, kila moja na baiskeli mbili tatu zimefungwa mikanda nyuma au juu ya paa. Yanaingia kwenye msitu mmoja jirani na hapa, unaitwa Glentress. Mtu anaegesha, analipia maegesho, anashusha baiskeli, anapanda nayo mlima akihema, anashuka nayo kwa kasi, anapanda tena, anashuka tena. Ikifika mchana anaiosha kwa bomba la maji lililowekwa pale kwa kazi hiyo, anaifunga mikanda, anarudi kwake. Nilichunguza sana amefuata nini huko msituni. Hana kuni. Hana asali. Hana uyoga, hana hata mti wa dawa. Ameenda na baiskeli tupu na amerudi na baiskeli tupu, na uso wake una furaha ya mtu aliyeuza mpunga kwa bei nzuri.

Bei ya baiskeli yenyewe nakuomba ukae kwanza. Zipo za pauni elfu tano, na hizo si za mwisho kwa ughali. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni kumi na tano. Ungenunua bodaboda kadhaa mpya na bado ukabaki na hela ya mafuta. Na kwa hela yote hiyo haina keria. Haina stendi, haina kengele, haina taa ya dinamo, haina pa kumpakia mtoto. Ina shokapu mbele na nyuma. Kiti kinashuka na kupanda chenyewe ukibonyeza kidude kwenye usukani. Breki unazishika kwa kidole kimoja na baiskeli inaganda pale pale, tofauti na sisi tunaofunga breki kwa kandambili kwenye tairi.

Mwambie fundi wetu wa Kibaoni jambo moja, lakini ahakikishe beseni lake la maji halipo karibu asije akalipiga teke. Tairi zao hazina tyubu. Ndani wanamimina maji mazito meupe. Mwiba ukiingia, yale maji yanakimbilia kwenye tundu, yanaganda, safari inaendelea. Hakuna kubandua tairi kwa vijiko viwili, hakuna kutafuta povu majini, hakuna msasa, hakuna solusheni, hakuna kumsikiliza fundi akisimulia habari za Simba na Yanga huku akikubania kiraka. Nilimweleza mwenzangu wa kazini kwamba kwetu tyubu ikifa kabisa njiani, mtu anajaza nyasi kavu ndani ya tairi, anakaza, anafika nyumbani. Akauliza ni teknolojia ya kampuni gani.

Lakini kilichonifanya niandike ni rangi. Pale wanapoanzia kuna ubao mkubwa unaopanga njia zote kwa rangi. Kijani ni ya wanaoanza na watoto. Bluu ya wastani. Nyekundu ngumu. Nyeusi kali, ya wataalamu. Kila penye njia panda kuna kigingi chenye rangi yake ili anayeanza asije akajikuta kwenye nyeusi. Utaratibu huo huo utaukuta sehemu nyingi za Uingereza. Hapa kusini mwa Scotland peke yake kuna vituo saba vya namna hii, wanaviita 7stanes.

Nilifikiri kwamba nyeusi ni njia ambayo bado hawajapata fungu la kuitengeneza. Sivyo. Nyeusi ndiyo iliyotengenezwa kuliko zote. Nilishuhudia kijiko kidogo, zile mashine za kuchimbia, kikipanga mawe katikati ya njia. Narudia: kuyapanga. Kinaweka jiwe, fundi anashuka, anasimama juu yake, anatikisa kichwa, halioneshi ubaya wa kutosha, linageuzwa ncha iangalie juu. Penye bonde kidogo wanaongeza bonde. Kwenye kona wanainua udongo upande mmoja ili mtu azunguke amelala. Sisi tunaiombea barabara yetu greda, wenzetu wana greda inayokwenda kinyumenyume.

Msitu wenyewe una historia inayochekesha kidogo. Vita Kuu ya Kwanza iliwamalizia miti, ndipo mwaka 1919 serikali yao ikaanzisha mamlaka ya misitu kupanda upya. Wakapanda kwa mistari, miti ileile ekari kwa ekari, kwa ajili ya mbao. Mbao bado wanakata, lakini leo ukikaa pale kwenye mgahawa ukahesabu chai na keki zinazouzwa utajiuliza kama mti wenyewe hauingizi zaidi ukiwa umesimama na mtu anapita chini yake na kofia ngumu. Hapa Bonde la Tweed palikuwa na viwanda vya sufu, vingi vimekufa. Sasa nguo zinazoonekana mjini Jumamosi ni za tope.

Agosti 2023 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika huku Scotland, na mbio za milimani zilikuwa hapa hapa Glentress. Tom Pidcock, kijana Mwingereza, alishinda upande wa wanaume, na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa upande wa wanawake. Wale wa kushuka tu, wasiopanda, walipelekwa Fort William kaskazini. Huko wanapandishwa mlimani kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, halafu wanateremka zaidi ya mita mia tano kwenda chini kwa dakika zisizofika tano kwa walio bora. Hata hapa jirani, Innerleithen, kuna gari na tela linalopandisha watu na baiskeli zao kutwa. Wanalipia kupanda, kushuka ni bure. Mimi nilivyozoea, barabarani kushuka ndiko kunakogharimu.

Mwenzangu wa kazini aliniazima baiskeli ya pili aliyonayo, nikaenda naye njia ya bluu. Baba Mdogo, nitajisifu kidogo na hakuna wa kunizuia. Kwenye kupanda niliwaacha wote. Walisimama kwenye kona wakinywa maji kwa mrija unaotoka mgongoni, mimi nikapita nikiwasalimia mmoja mmoja kama nilivyolelewa. Wakaniuliza nafanya mazoezi wapi, natumia lishe gani. Niliwaambia ukweli kwamba nilifundishwa na magunia mawili ya mkaa na baiskeli moja ya Phoenix isiyo na gia. Kwenye kushuka, mtoto wa kike ambaye meno ya mbele hayajaota alinipita, akageuka akaniambia asante kwa kumpisha. Sikumpisha. Nilikuwa nimeganda.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye gogo nikaufikiria ule ubao. Ni ubao mzuri, mtu akivunjika mkono hawezi kusema hakuambiwa. Lakini rangi zake zimepigwa msumari, na kwetu rangi haikai. Ile njia ya kutoka Mbuyuni kwenda mashambani, mwezi wa saba ni kijani, mtoto anaendesha amesimama kwa sababu kiti hakifikii. Mwezi wa tatu, njia ileile, ule udongo mweusi unajaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unakwangua kwa kijiti, unatembea hatua kumi, unakwangua tena, mwisho unaibeba begani. Hiyo ni rangi gani? Mfunge mtu magunia mawili ya mkaa, moja juu ya jingine, mpira wa tyubu umekatwa vipande na kukazwa kwa goti, kisha umwambie njia ni ya bluu. Atakuuliza bluu kwa nani.

Na ule usiku ulipompakia mke wa jirani kwenye keria kumpeleka zahanati, kijana mmoja akimshikilia kwa nyuma na mwingine akitangulia na tochi ya simu, uchungu ukimshika kila penye tuta. Njia ilikuwa tambarare ile. Huku ingekuwa kijani.

Kuhusu mkaa, wale waendeshaji niliwasimulia pia habari ya vijiji vyetu kupewa mpango wa kuvuna misitu kwa zamu na kukusanya ushuru wa kijiji, mradi ulioanza mwaka 2012 kwa fedha za Uswisi. Walifurahi sana kusikia Waswisi wametajwa, maana Uswisi nayo ni nchi ya milima na baiskeli za namna hii. Mmoja akasema kumbe nchi yenu na yao zinafanana. Nikamwacha na furaha yake.

Kitu kimoja cha huku ningekitamani kwetu ni sheria yao ya mwaka 2003. Inampa mtu yeyote haki ya kupita karibu ardhi yote ya Scotland, kwa mguu au kwa baiskeli, hata shamba la tajiri, mradi asiharibu mazao na asiache geti wazi. Ninayemtunza, mzee wa miaka tisini, aliniambia makabaila wa zamani wangekufa mara ya pili kuisikia. Nilimweleza habari za ardhi huko Kilosa, mashamba ya mkonge, wakulima na wafugaji, akasikiliza muda mrefu kisha akaniomba chai. Mzee huyo huyo anashikilia kwamba baiskeli ya pedali ilibuniwa na mhunzi wa kusini huku, Kirkpatrick Macmillan, mwaka 1839. Wengine wanabisha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1842 aliingia nayo Glasgow, akamgonga mtoto, akatozwa faini ya shilingi tano. Shilingi, Baba Mdogo! Kumbe hata hizo tulirithi.

Sasa yule mdogo wangu aliyeniandikia kwamba anataka kufungua njia za watalii wa baiskeli. Usimcheke. Lushoto wageni wanalipa kuzungushwa kwa baiskeli milima ya Usambara. Kilimanjaro ipo njia ya Kilema ambako baiskeli zinaruhusiwa. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza Afrika, na milima ile iliwatoa jasho hao hao wanaotupita huku. Treni ya SGR inashusha watu Kilosa. Upande wa Vidunda tuna milima ambayo hakuna kijiko kilichopanga mawe yake na bado yamepangika vizuri kuliko ya hapa.

Ila mwambie njia zake asizipitishe hifadhini. Mikumi ni hifadhi tangu 1964, na wenyeji wake hawasomi vigingi. Kwenye lami pale kuna faini ya kila mnyama unayemgonga na gari. Faini ya mnyama kumgonga mwendesha baiskeli sijaiona imebandikwa.

Na mteja wa kwanza amepatikana. Mwenzangu wa kazini ana likizo Desemba, ameshakata tiketi, na baiskeli yake inakuja imekunjwa kwenye boksi. Anataka kuanzia Mikumi mjini mpaka hapo nyumbani kwa siku moja. Ameniuliza mara nyingi barabara hiyo ni rangi gani ili ajue tairi za kuja nazo. Nimemwambia itategemea mvua za vuli zitakavyoamka siku hiyo, na kama Mama Mkubwa atakuwa na mahindi ya kwenda mashineni. Kwa hiyo namwomba Mama Mkubwa, siku ya kwanza amwache apumzike. Keria naituma kwa posta wiki hii, fundi aiangalie kama itaingia kwenye fremu ya mgeni.

Mwanao,
wa Ulaya