Jinsi ya Kuua Betri Tatu kwa Pikipiki Moja

Umebonyeza staata asubuhi, pikipiki imesema "tk" na kunyamaza. Usihangaike kutafuta sababu. Isukume hadi kijiweni (hapa Tanga, Ngamiani hapakosi kijiwe) ukaisikilize kamati. Wa kwanza ataitikisa, wa pili atavuta waya mmoja na kuguna, wa tatu, ambaye hata baiskeli hana, atatoa hukumu: "Mgosi, betri imekufa." Nunua mpya papo hapo. Ukiuliza imeuawa na nani utaonekana bahili.

Hatari kubwa katika kazi hii ni kumiliki mita. Kile kidude cha kupimia volti hakina adabu. Betri ya volti 12 iliyolala usiku kucha bila kuguswa ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa, ikisoma 12.0, njaa tupu. Ikigoma kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, basi huenda seli moja kati ya sita imekufa, na hapo kamati imepatia. Mita ina ujeuri wa pili: inataka kupima tena injini ikiunguruma. Ukipiga resi, namba ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haina kosa, haijalishwa. Wa kuhojiwa ni stata (koili za magneto, si staata), soketi yake au rektifaya. Ikivuka 15, regyuleta imeacha kazi, betri inachemka na balbu zinaungua. Mwenye Honda ya zamani ya volti 6 agawe kwa mbili namba za kujaa na za kuchaji. Kwa ufupi, mita itakunyima raha ya kununua betri ya pili.

Badala yake, tumia taa kubwa. Piga resi, ikiwaka kali tangaza kwamba chaji ipo. Usimsikilize fundi atakayekuambia kuwa kwenye pikipiki nyingi ndogo za zamani taa hiyo hula umeme moja kwa moja kwenye koili ya magneto, bila kupitia betri. Ndiyo maana inaweza kuwamulika popo wa Amboni huku honi inalia kama mwenye mafua. Honi na indiketa hazijui kuficha siri, kwa hiyo usizibonyeze. Na pikipiki ikiwaka kwa kiki, usifikirie kwamba sidiai, kile kidude cha kuchochea cheche, huenda ina koili yake. Shukuru tu, betri imepona.

Kifuniko cha pembeni usikifungue kamwe. Kuanzia Pangani hadi Moa upepo wetu una chumvi, na wewe ongezea kwa kubeba tenga la samaki kutoka soko la Deep Sea, maji yake yakidondokea nyaya njia nzima hadi Muheza. Vichwa vya betri vitaota unga, mweupe hapa, wa kijani pale, na waya wa ethi utaliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye fremu. Chaji itakuwa waja leo waondoka leo. Wapo watu wasiopenda maisha ambao hufungua hasi kwanza, wakasafisha unga kwa maji ya magadi vizibo vya betri vikiwa vimefungwa, wakasugua kutu kwa msasa, wakakaza, wakapaka grisi, na pikipiki ikapona kwa bei ya chai na chapati. Watu hao kijiweni hawana cha kusimulia.

Ukishanunua ya pili, funga redio yenye spika mbili, taa za rangi na chaja ya simu. Magneto ndogo itajua yenyewe pa kuupata umeme huo. Maji ya betri yakipungua, jazia ya kisima. Betri ya ampea-saa 5 hupenda kuchajiwa polepole, nusu ampea, usiku kucha. Wewe ichomeke kwenye chaja ya lori, unywe soda moja, uondoke nayo ikiwa ya moto.

Nunua ya tatu, nayo ikianza kukohoa, uza pikipiki haraka. Mnunuzi akiuliza habari za betri, huna haja ya kudanganya: ni mpya kabisa, na risiti unayo.