Heko, fundi wa fito

Wachina walitia fito za mianzi kwenye matanga yao, na katika karne ya 15 meli za amiri wao Zheng He zikafika hadi pwani yetu. Maskini, hawakuwa na kompyuta! Tumshukuru basi fundi wa uani huko Uingereza aliyewasahihisha kwa fito laini za faiba. Upepo ukiwa mwanana, tanga likitakiwa litune, fito zake hukakamaa kama askari wa gwaride. Upepo ukichafuka, tanga likitakiwa liwe bapa, ndipo zinapopinda kwa adabu na kulitia kitambi. Ufito ukikatika, fundi huchonga mwembamba zaidi. Na usalama je? Chombo chake hakijazama hata mara moja; bado kiko uani. Mwenye haraka apande boti.