Wanachimba na Watu Wamo Ndani

Jamani, hivi inakuwaje? Ghorofa lina wapangaji, lina wateja wanaoulizia bei, lina vijana wanafungua mabelo, halafu huko chini wanachimba kuongeza nafasi! Tch! Ndivyo mashuhuda walivyosimulia baada ya ghorofa la Mitaa ya Mchikichi na Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, kuporomoka asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024. Kariakoo ilizika zaidi ya watu 20. Waliofukiwa walikuwa wanapiga simu kutoka chini ya zege, wanaomba maji na hewa.

Tusisingizie mkosi. Ni uchu wa frem za biashara. Pita Mtaa wa Kongo uone: frem moja yenye upana wa mlango, ndani yumo mwenye mkataba, kuna mwenzie aliyekodishiwa ukuta wa kutundikia madera, na nje winga anavuta wateja apate chake. Kabla hujatundika hata hanga moja umeshatoa kilemba, na kodi unailipa kwa mkupuo. Mteja wa Lubumbashi anataka mzigo leo, wa Moroni anataka leo, kwa hiyo stoo inatakiwa hapohapo. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi na ua zimeshavunjwa karibu zote. Juu kumejaa, sasa zamu ya chini.

Na kwenda chini si kosa. Marehemu Beda Amuli, msanifu majengo, alipochora Soko Kuu la Kariakoo, lile lililofunguliwa 1975 na mapaa yake ya zege kama miavuli iliyopinduliwa ya kukinga maji ya mvua, Shimoni, yaani soko la chini ya ardhi, ilikuwamo tangu kwenye ramani. Nguzo zilijua zitabeba nini. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko lile vibaya, lakini halikuwaangukia watu. Hawa wa leo wanajenga kwanza, shimo wanalifikiria baadaye.

Baada ya msiba Waziri Mkuu wa wakati huo aliunda tume ya watu 19 kukagua maghorofa ya Kariakoo. Vizuri. Ila mkaguzi huja mchana na kuondoka, mpangaji ndiye anayesikia nyundo usiku. Naye akiuliza, anaambiwa frem ina wateja kumi wanaoisubiri. Ananyamaza, ana mkopo.

Mei 2023 wafanyabiashara hawahawa walifunga maduka kwa sababu ya kodi za serikali na kamatakamata, mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Walishikamana, wakasikika. Kwa nini wasishikamane kwa ajili ya nguzo? Mwenye jengo akitaka kuchimba, afunge jengo zima, arudishe kodi ya miezi iliyobaki, na kibali kibandikwe mlangoni kila mtu akisome. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa frem. Waanze na Kongo, waanze sasa, kabla mizigo ya sikukuu haijaingia.