Sanduku Lisilotaka Maji

Naomba radhi mapema. Kama uko na chapati yako na chai, malizia kwanza, au ruka huku nenda kurasa za michezo. Leo naongea habari za choo. Na si kile cha nyumbani, unabonyeza, kinalia pwaa, umeshasahau. Choo cha kwenye treila.

Treila lenyewe ni mtumba. Yale ya kulala ndani, ya kuvutwa na pikapu. Kitanda kipo, jiko lipo, na kibafu ambacho ukitaka kugeuka sharti kwanza utoke nje. Huku Arizona kila mwenye mvi analo, basi mke wangu, mama Zuhura, akaona na sisi tusipitwe. Tukanunua la mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Habari ya choo sikuuliza. Mwanaume gani anakwenda kununua chombo cha barabarani anauliza choo? Mimi niliyapiga matairi teke. Nimewaona wenzangu wakifanya. Teke linatafuta nini sijui, ila nilipiga yote, nikatikisa kichwa, nikalipa.

Kumbe chini ya sakafu kuna tenki. Wenyewe wanaliita tenki jeusi. La kwangu linachukua galoni 30, na kila ulichokifanya chooni kinateremka humo kinatulia. Hakiendi popote. Kinasafiri na wewe. Ukikata kona na chenyewe kinakata kona, unakisikia. Likijaa unalivuta treila lote mpaka kituo cha kumwagia, unavaa glavu, unachomeka bomba nene la inchi 3, unafungua koki, unasimama. Hakuna kingine cha kufanya pale. Unasimama unasikiliza mambo yako yanapita. Na nyuma kuna foleni, watu wamekaa kwenye magari yao wanakutazama wewe, wengine wanatafuna biskuti.

Siku moja bomba halikukaa sawasawa. Tusiongee sana. Viatu nilivitupa. Lakini kilichoniuma si viatu. Ni yule mama wa gari la nyuma alivyopandisha kioo. Taratibu. Kwa adabu kabisa. Angenitukana ningelala vizuri.

Hapo ndipo shem akaingia. Kaka yake mama Zuhura, dereva wa malori, kazunguka Marekani yote, na kila alikopita karudi na ushauri. Hakuna jambo shem halijui. Ukiumwa jino, anajua. Ukidaiwa, anajua, hasa kama anayekudai ni yeye.

"Shem, bado unamwaga?" akaniuliza, kwa ile sauti ya kumuuliza mtu kama bado anaishi kwa mama yake. "Ng'oa hicho. Weka choo kikavu. Cha mboji."

Akanieleza. Ni sanduku la plastiki, kimo cha kiti. Mbele kuna vitundu, haja ndogo inachuruzika kwenye chupa ya galoni mbili na ushee. Nyuma kuna kijilango, unavuta kiwenzo, haja kubwa inatumbukia kwenye ndoo yenye unga mkavu. Ukimaliza unazungusha mpini wa ubavuni, mambo yanachanganyika huko chini bila wewe kuhusika. Kuna kifeni cha volti 12, kinapuliza usiku na mchana kutoa hewa nje. Maji hakuna. Tenki hutumii. Bei, kile chenye jina, karibu dola 1,000. Elfu moja, ndugu yangu! Ya kukalia!

"Halafu hakinuki?"

Shem akanitazama kwa huruma. "Shem, harufu unayoijua wewe ni ya ndoa. Ndogo na kubwa zikikutana, ndipo fujo inaanza. Watenganishe, kila mmoja akae kwake, kimya."

Eti kwenye mkojo kuna kitu kinaitwa urea, na vijidudu vya upande wa pili vina kimeng'enya cha kuivunja ikawa amonia, na hiyo amonia ndiyo inayokuchoma pua. Nikaitikia tu. Kemia ilinipiga chenga tangu kidato cha pili, hatujaonana tena.

Nikamwambia haya ni mambo ya hawa vijana wa kulala jangwani na gitaa. Nikachokoza nyuki. Akanishushia historia. Kulikuwa na kasisi Mwingereza, Henry Moule, wa Fordington kule Dorset. Kipindupindu kilikuwa kimewatesa, mashimo ya vyoo yananuka. Kasisi akaanza kufukia ndoo za nyumbani kwake bustanini, baada ya wiki chache akichimba haoni kitu, udongo mkavu umeshamaliza kazi. Akatengeneza choo cha kumwagia udongo badala ya maji. Mwaka 1860 akapewa hataza. "Kasisi, shem! Mtu wa Mungu!" Mimi nilibaki nawaza ni nani alimtuma kasisi kwenda kuchimba tena.

Basi nikakaa mezani na kalamu, nikapiga hesabu. Kwa watu wawili, ile chupa inajaa kwa siku mbili hivi. Ndoo inaenda wiki tatu, nne. Mpaka hapo sanduku linaongoza, maana ndoo ya mwezi ni nafuu kuliko foleni ya kumwaga. Tena jangwani maji ni ya kubeba, na choo hiki hakinywi hata tone.

Ila ukiuliza hiyo ndoo inakwenda wapi, hapo wauzaji wanaanza kukohoa. Maana ikitoka kwenye sanduku bado si mboji. Mboji ya kweli inataka muda, unaambiwa uiache hata mwaka mzima kabla ya kuisogeza karibu na mchicha. Mimi naishi kwenye treila wikiendi, mwaka nitaukalia wapi? Kwa hiyo wengi wanafunga kwenye mfuko, mfuko juu ya mfuko, wanatupa na taka pale sheria ya mahali inaporuhusu, kama nepi za mtoto. Yaani nitoe dola elfu moja niwe natembea na mfuko.

Na chupa je? Chupa ndiyo fedheha yenyewe. Plastiki yake ni ile ya kuonyesha. Kiwango kinaonekana. Rangi inaonekana, mtu anajua kama jana hukunywa maji. Asubuhi unatoka nayo kwenda kuimwaga choo cha kambi, na Wamarekani unawajua, hawapitani bila salamu. Unasimamishwa. Unaulizwa habari za hali ya hewa, unaulizwa lafudhi yako ni ya wapi. Unaeleza Tanzania iko wapi, umeshika lita nane za mkojo. Unabadilisha mkono kwa sababu ni nzito. Hapo ndipo mwenzio anapoangalia chini.

Nikamuuliza jirani yangu wa kambi, mzee wa Minnesota, kila baridi yuko Quartzsite. Ni kijimji cha jangwani magharibi ya Phoenix, wakati wa baridi yanajaa matreila huwezi kuhesabu. Pale La Posa, ardhi ya serikali, unalipa dola 180 unakaa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 mpaka Aprili 15. Au dola 40 kwa siku 14. Nikamwambia nataka kung'oa tenki jeusi. Mzee akaweka kahawa chini. Akasema taratibu rafiki yangu, kanuni za pale zinataka chombo kinachojitosheleza, yaani kiwe na tenki la maji machafu lililofungwa moja kwa moja, lisilopungua galoni 10. Vyoo vya kubebeka havihesabiki. Ukilala karibu na vyoo vyao, sawa. Ukisogea mbali bila tenki, utaondoshwa. Mimi spana nilikuwa nayo mkononi tayari.

Sasa ngoja nikupe ile ya makumbi. Ule unga mkavu wa kwenye ndoo unaujua ni nini? Unga wa makumbi ya nazi! Umekandamizwa ukawa tofali, ukafungwa nailoni, umeandikwa Sri Lanka. Mimi mtu wa Pangani. Bibi yangu alikuwa anafukia makumbi kwenye tope, miezi inapita, anayafukua, anayapondaponda kwa gongo mpaka nyuzi zinatoka, anasokota kamba. Lile vumbi lililokuwa linapukutika lilifagiliwa. Hakuna aliyelitazama mara mbili. Leo nimesimama dukani na kadi ya benki nanunua vumbi la bibi. Tena nilinunua matofali manne kabla ya choo chenyewe, kwa sababu yalikuwa na punguzo. Mama Zuhura akauliza, sasa choo kiko wapi? Nikamwambia mambo yanakwenda kwa hatua.

Shem akasema basi, asituone tunateseka, akatuletea cha kwake cha zamani tukitazame kabla ya kununua. Kimesafishwa kwa siki, kinang'aa. Akakiweka sebuleni karibu na televisheni. Akaondoka zake na lori.

Ndugu msomaji, wewe tatizo umeshaliona. Umeliona kitambo, pale niliposema maji hakuna, ukasema moyoni huyu bwana vipi. Mimi ilibidi nisubiri mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka Muheza, amekuja kumtazama mjukuu, na safari ya treila tulimwandalia yeye. Akatoka chumbani asubuhi, shikamoo Mama, marahaba. Akatazama kushoto na kulia. Akakaa juu ya kile kisanduku. Kifuniko kimefungwa, ndiyo, ila amekaa. Ametulia anaangalia taarifa ya habari, khanga yake kaitandaza vizuri. Na mimi nifanye nini? Nimwambie mkwe wangu Mama simama, hapo ulipokaa ni chooni? Nikatoka kwenda kuosha gari. Gari lilikuwa safi.

Niliporudi mama Zuhura alikuwa ameshamwambia. Mama mkwe kahamia kochini, macho ukutani.

"Muulize baba Zuhura," akasema, na mimi niko hatua mbili kutoka alipo, "kopo linakaa wapi?"

"Mama anauliza kopo linakaa wapi."

"Mwambie Mama choo hiki hakitaki maji."

"Mama, anasema hakitaki maji."

Kikapita kimya. Hata feni ya dari niliisikia.

"Muulize basi. Anayekitumia anatoka vipi?"

Anatoka vipi! Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Ukitawaza nyuma, ile ndoo inakuwa tope, inaanza kunuka, na usubi unahamia humo na ukoo wake. Ukitawaza mbele, maji yanaingia kwenye chupa, chupa ya siku mbili inajaa asubuhi moja. Nikampigia shem. Shem, kwa mara ya kwanza tangu nioe kwao, akasita. Akasema watu wetu wengine wanatumia karatasi kwanza, halafu wanasogea kwenye shawa wanajimalizia pale, maji yanaingia tenki la maji ya kuogea. Nikamwambia vizuri sana, umweleze mama yako mwenyewe hiyo hatua ya kusogea. Mtandao ukakatika.

Na chupa, naomba uifikirie chupa. Nani angeibeba chupa ya mama mkwe? Mwanamke ambaye nikimkuta ukumbini nabana ukutani apite. Nisimame naye kwenye chupa mbele ya mzee wa Minnesota, tunaongea hali ya hewa?

Jioni mama mkwe akatoa hukumu, kwa kupitia mwanawe kama kawaida. Eti mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, yeye alikuwa msichana kwenye kikundi cha kusikiliza redio. Wakisikiliza, wakitoka wanakwenda kuchimba vyoo. Wamechimba vyoo kijiji kizima. Wakawa wanamwagia majivu. Miaka na miaka majivu, mpaka watoto wakakua wakamjengea cha maji. "Mwambie baba Zuhura, mimi majivu nimeyaacha Muheza. Sikupanda ndege kuja kuyafuata."

Aliposema hivyo mjadala ukaisha. Tenki jeusi linabaki. Nimenunua bomba jipya, glavu ndefu za kufika kwenye kiwiko, na kopo la bluu limening'inizwa kwa kamba kwenye kibafu lisiruke kwenye kona.

Sanduku lenyewe silitukani. Kama wewe ni mtu wa karatasi, uko peke yako, unalala mbali na kituo cha kumwagia wiki nyingi, tena tenki lako hujaling'oa, lichukue, hela yako haitapotea. Mtu wa kopo, achana nalo.

Nina matofali manne ya unga wa makumbi. Hayajafunguliwa. Yanafaa kwa bustani, maua, kuku. Bei maelewano. Mwenye kuhitaji aje mwenyewe kuyachukua, mama Zuhura anataka kabati lake.