Yah: Ombi la Kuwafundisha Wananchi Kwenda Chooni kwa Wastani

KWA: Waheshimiwa wapangaji wa mitambo ya majitaka, Dar es Salaam.

Mwandishi wa barua hii ni mkazi wa bondeni, mtu mzima mwenye akili timamu na choo cha kuvuta. Anawasalimu Waheshimiwa kwa adabu, kisha anawapongeza kwa hesabu zao. Lita kadhaa kwa kila kichwa, zidisha kwa idadi ya vichwa, gawanya kwa saa 24, bomba likachorwa. Hesabu haina kosa. Wenye kosa ni wananchi, ambao hadi leo hawajajifunza kwenda chooni kwa wastani.

Alfajiri jiji zima linaamka kwa pamoja. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili watu wanaoga, wanasuuza vyombo, wanavuta maji, wanakimbilia daladala. Mchana mabomba yanatulia, jioni yanaanza upya, na ikifika saa tisa usiku kinachopita ni utepe tu wa maji. Mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa: pilikapilika zinahamia kwenye daku, tena bila kuiandikia ofisi yoyote.

Tuseme mtambo unapokea mita za ujazo 24,000 kwa siku. Wastani wake ni 1,000 kwa saa, namba ya kupendeza. Lakini asubuhi zinaingia 2,000 na usiku wa manane 300. Hiyo 1,000 iliyoandikwa kwenye michoro hupita haraka tu, maji yakiwa njiani kupanda au kushuka.

Wanaoumia kwanza ni bakteria, watumishi pekee wa sekta hii wasiodai posho. Katika mtambo wa kupuliza hewa, hao ndio wanaokula uchafu. Maji yakija kwa kishindo, tope wanamoishi halipati muda wa kutuama. Linasombwa na kutoka nje pamoja nao, na kuwarudisha kwa idadi ile ile huchukua siku, pengine wiki. Maji yakipungua mno, uchafu hulala bombani ukaoza bila hewa na kutoa harufu ya mayai viza. Gesi hiyo, haidrojeni salfaidi, ikifika kwenye unyevu wa dari ya bomba hugeuzwa na bakteria wengine kuwa asidi inayotafuna zege. Bomba hilo hilo huteswa na shibe asubuhi na njaa usiku.

Mabwawa ya majitaka kama ya Vingunguti yana subira zaidi, kwa kuwa maji hukaa humo siku nyingi yakishughulikiwa na jua, mwani na bakteria. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na bomba lolote. Uchafu wake husafiri kwa gari la kunyonya. Magari yakipanga foleni na kumwaga tope zito moja baada ya jingine, bwawa hulishwa ugali wa siku nzima kwa tonge moja.

Halafu inakuja masika.

Ni Aprili, saa nane usiku, maji yamefika kizingitini. Baba mwenye nyumba, suruali imekunjwa hadi magotini, anatoka na nondo, anapapasa chini ya maji mpaka mfuniko wa chemba, anaunyanyua. Maji ya uwanja yanazunguka, yanazama kwa mluzi. Watoto wanashangilia. Nyumba tatu kuteremka, jirani anaamshwa na chemba yake inayotapika huku kandambili zikielea sebuleni. Wengine hufungulia kabisa shimo la choo liende na mkondo wa mvua. Jambo hilo lina jina lake jijini, kutapisha. Mwandishi wa barua hii hawezi kumtaja mwenye nondo. Anaijua nondo tu, huikuta nyuma ya mlango wake.

Kwa hiyo anaomba ratiba. Kinondoni wavute maji saa moja, Ilala saa tatu, Temeke saa tano. Mwenye tumbo la kuhara aombe kibali kwa mtendaji wa mtaa. Mvua nayo iandikiwe inyeshe kidogo kidogo, Jumapili ipumzike.

Ratiba ikigomewa, London wana somo. Uvundo wa mto Thames mwaka 1858 uliwafanya wabunge waning'inize mapazia yaliyolowekwa dawa ya chokaa, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu iliyobeba majitaka na mvua pamoja. Jiji likakua, mvua ikawa inamwaga kinyesi mtoni, hadi mwaka 2025 walipomaliza kuunganisha handaki la kilomita 25, lenye kipenyo cha hadi mita 7.2, linaloyahifadhi maji ya ziada mpaka mtambo upate nafasi.

Bonde letu haliombi handaki. Linaomba tanki la kusawazisha kwenye mlango wa mtambo, lipokee fujo ya asubuhi na kuitoa polepole usiku. Linaomba mita inayosoma kinachoingia kila saa, zamu kwa magari ya kunyonya, mifuniko ya chemba inayofungwa, na mitaro ya mvua iliyozibuliwa, ili mtu akitoka usiku na nondo asiwe na pa kuitumia.

Majibu yafike kabla ya Machi. Masika huanza mwezi huo.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Bondeni.

Nakala: Jirani wa nyumba ya tatu kuteremka, pamoja na kandambili zake.