Vyombo Chomboni

Mashua ya matanga ya futi 40, siku ya 11 tangu ing'oe nanga Las Palmas, Visiwa vya Canary, kwenda Saint Lucia, ng'ambo ya Atlantiki. Safari nzima ni maili za baharini kama 2,700. Saa ya ukutani inasema saa mbili asubuhi, lakini nje bado kiza. Sababu yake mtaisikia. Binadamu ni wanne: nahodha, mkewe, shemeji yake, na kijana aliyeokotwa gatini, kati ya wale wanaobandika matangazo kuomba kupandishwa. Watatu wamelala. Wa nne ni nahodha, yuko zamu, yaani naye kalala ila kwa kukaa. Ndani ya chombo, vyombo vinazungumza.

DAFTARI LA SAFARI: Jamani, nimeandikwa uongo tena.

NDOO: Uongo gani, mwanangu?

DAFTARI: Sikiliza, Mzee Ndoo. "Siku ya 10. Upepo wa kaskazini-mashariki. Wote wazima, ari juu. Tunaufurahia uhuru."

JIKO: (akibembea) Uhuru! Aliyeandika si ndiye aliyemrushia shemejiye mwiko wa maharagwe?

DAFTARI: Ndiye, Mama Jiko. Kaandika hata mkono hajanawa. Nina doa hapa pembeni, na katika ukurasa mzima hilo doa ndilo pekee lisilosema uongo.

NDOO: Mimi nilikuwa juu, nimefungwa mlingotini. Kisa hasa nini?

JIKO: Saa. Nahodha amekataza saa isiguswe mpaka Saint Lucia. Ni saa ya Greenwich, na Saint Lucia iko nyuma saa nne nzima. Kila tukisogea magharibi jua linachelewa, saa haichelewi. Jana jua limefika utosini, saa inasema saa tisa kasoro. Nahodha anadai chakula cha mchana kimepita. Shemeji akamwambia tumbo lake halikuzaliwa Greenwich. Hapo ndipo mwiko uliporuka.

NDOO: Na wewe umekaa unatazama?

JIKO: Nitazuia kwa nini, mzee wangu? Mimi nimetundikwa kwa pini mbili. Upepo ukiwa wa nyuma namna hii chombo kinakwenda mrama usiku na mchana; kikilalia kushoto, kikilalia kulia, mimi wima, sufuria yangu haimwagiki. Mpishi ndiye hakutiwa pini. Mama wa watu wamemfunga mkanda kiunoni kama ng'ombe wa kukamuliwa. Mkono mmoja wa kujishikia, mmoja wa kukoroga, na vitunguu vinakimbilia chini ya kitanda. Na msinikumbushe ndizi.

DAFTARI: Ndizi zimeandikwa: "Matunda yametosha."

JIKO: Yametosha! Walinunua mkungu mzima wa kijani, wakautundika nyuma wauone uzuri wake. Siku tano hakuna hata moja iliyoiva. Siku ya 6 zikaiva zote, asubuhi moja, kama zilizopiga ngoma ya kuitana. Nimepika chapati za maji za ndizi, mkate wa ndizi, na usiku ule, Mungu anisamehe, tambi na ndizi.

RUBANI WA UMEME: (kutoka tezi, sauti nyembamba) Nyinyi mnalilia tambi. Tangu Las Palmas usukani ninao mimi. Wakifika mtawaona wamejipanga kwenye usukani wakipigwa picha: "Tumevuka bahari." Katika siku 11, usukani wameushika saa sita.

NDOO: Zile ulizougua.

RUBANI: Betri zilikuwa chini. Siyo ugonjwa.

NDOO: Ugonjwa au njaa, siku ile tulimjua kila mtu. Nahodha alishika dakika ishirini, mgongo ukamuuma ghafla. Shemeji alishika tukaelekea Brazil. Mpaka kunakucha usukani anao yule mtoto wa gatini, na ndiye asiyetajwa popote.

DAFTARI: Ametajwa: "mabaharia wamesaidiana."

NDOO: Wewe nawe usijivune, Rubani. Joshua Slocum kaizunguka dunia peke yake, 1895 hadi 1898. Aliufunga usukani kwa kamba, *Spray* ikajiendea, mwenyewe chini anasoma vitabu. Kamba haili umeme.

RUBANI: Umeme ninaula mimi peke yangu? Muulize yule wa intaneti ya setilaiti.

JIKO: Hapo kasema kweli. Gatini waliapa wanaikimbia dunia. Dunia imewafuata mbinguni, na wanailipia kila mwezi. Juzi friji lilizimwa ili nahodha apeleke picha ya machweo. Nyama ikaharibika. Machweo yalifika salama.

NDOO: Mimi sina betri, sina pini. Nafua, nasuuza sahani kwa maji chumvi, nasafisha sitaha. Mwenzangu wa plastiki kapasuka siku ya 3, nimebaki mimi tu. Na tangu choo kizibe siku ya 8, heshima ya watu wanne…

JIKO: Mzee, tafadhali. Nina uji motoni.

DAFTARI: Hilo pia halikuandikwa.

NDOO: Najua, mwanangu. Wala sidai.

(Kishindo kidogo sitahani. Samaki panzi amedondoka, anapigapiga mkia.)

SAMAKI PANZI: Hodi! Hapa ni wapi?

RUBANI: Ni mahali watu hutoa fedha nyingi walale kwa saa tatu, wakae macho kwa saa tatu, walale tena kwa saa tatu.

SAMAKI PANZI: Wamefungwa?

NDOO: Kwa mikanda, ndiyo. Usiku hakuna anayetoka nje bila kujifunga.

SAMAKI PANZI: Wamekosa nini?

JIKO: Ingia ndani, mwanangu, tutakueleza. Mafuta yapo.

(Kunapambazuka. Nahodha anaamka, anaona magamba sitahani, anaichukua Ndoo.)

RUBANI: Mzee, huyo ni nahodha mwenyewe?

NDOO: Hana neno. Siku ya kwanza aliwapanga wote hapa akawasomesha: chombo kikiwa mbioni ndoo haitumbukizwi mdomo mbele, itajaa mara moja, na kamba haizungushwi mkononi, utang'oka bega. Alirudia mara mbili. Sasa mbona ananigeuza mdomo m—

(Chubwi. Mtu anapiga ukelele, kamba inamponyoka. Mashua inaendelea maili sita kwa saa. Kwa muda kitu cheusi kinaelea juu ya wimbi la nyuma, kisha hakionekani.)

JIKO: Mkono uko mzima?

RUBANI: Mzima. Anajipuliza.

(Nahodha anashuka, anachukua kalamu. Kimya kirefu.)

JIKO: Soma.

DAFTARI: "Siku ya 11. Ndoo imepotea kutokana na hali ya bahari. Wote wazima, ari juu."

JIKO: Na choo?

RUBANI: Bado hakijazibuka.

(Chini, mlango wa chumba cha shemeji unafunguliwa. Anapiga miayo, anatazama huku na huku, anauliza ndoo iko wapi.)